Kitalu cha maua barabara ya Kabarak, Nakuru: hapa utaonyeshwa mizizi kwanza

Kazi yangu ni bustani. Napanda na kutunza maua kwenye nyumba za watu hapa Nakuru: Milimani, Naka, Kiamunyi, na siku hizi hata Ngata, ambako nyumba mpya zinachipuka kila kukicha. Karibu kila mwenye nyumba anayeniita ana ombi lile lile: "Fundi, nataka kitu cha manjano pale getini, kitoe maua mwaka mzima na kisinisumbue." Kwa ajili ya ombi hilo nimenunua miche katika vitalu vingi vya kando ya barabara mjini hapa. Kipo kimoja tu ambacho naweza kumtuma mteja aende peke yake na moyo wangu ukatulia, na ndicho nataka kukieleza.

Kiko barabara ya Kabarak, mkono wa kushoto ukitoka mjini, ukishapita maduka ya Kiamunyi. Bango hakina. Utakitambua kwa vichaka vya manjano vilivyopandwa mstari mmoja kando ya mtaro, vimefika kiunoni, na nyuma yake neti nyeusi ya kivuli iliyofungwa kwenye nguzo za mkaratusi. Ukija kwa matatu mwambie kondakta akushushe penye maua, ataelewa. Vile vichaka vya mbele haviuzwi, hata ukitaja bei nzuri namna gani. Ndivyo mashina mama. Kila mche wa yuriopsi, ndilo jina la kichaka hicho cha maua ya manjano, unaouzwa pale umekatwa kwenye vichaka hivyo, kwa hiyo mnunuzi anaona kwa macho yake mche wake utakuwa wa namna gani ukikomaa: utafika wapi kwa urefu, utatanuka kiasi gani, manjano yake ni ya kukolea au ya kufifia, na kama unastahimili vumbi na jua la barabarani bila kunyunyiziwa maji kila jioni. Vitalu vingi nilivyopita huwezi kuonyeshwa mche umetoka wapi. Umeshushwa na pikapu, basi.

Mwenye kitalu ni mama wa makamo aliyekuwa akilima pareto huko Molo kabla ya kuhamia huku chini. Watu wa rika langu tunakumbuka pareto ilivyokuwa ikilipa karo za shule, Kenya ikiongoza ulimwengu kwa zao hilo na bodi yake ikiwa na makao hapa hapa Nakuru. Mkulima wa pareto hakutegemea mbegu peke yake. Aling'oa kichaka kilichokomaa, akakigawa vipande, kila kipande na mizizi yake, akapanda upya. Mama huyu amekulia kwenye kazi hiyo, na mikono yake inajua mmea unakubali kugawanywa wapi na unakataa wapi. Pareto, ingawa ua lake ni jeupe, ni ndugu wa haya ya manjano. Wote ni wa familia ya alizeti, Asteraceae kwa jina la kitaalamu, familia yenye spishi zaidi ya 20,000 duniani. Humo mna alizeti yenyewe, mna letusi ya kachumbari, dahlia, marigoldi, jabera, na hata kishona nguo kinachokung'ang'ania suruali ukikatiza shambani.

Nilichojifunza kwake mapema ni kusoma umri wa ua. Alichuma moja la yuriopsi, akalipasua katikati kwa ukucha, akaniwekea kiganjani. Kinachoonekana kama ua moja ni maua mengi yaliyokaa kikao kimoja. Zile ndimi za manjano za pembeni, kila ulimi ni ua lake. Na ule mviringo wa katikati ni vijiua vidogo vilivyobanana, ambavyo hufunguka duara kwa duara kuanzia nje kwenda ndani. Ukiona ni duara la nje tu lililochanua na katikati bado pamefumba, ua hilo ni jipya na litakaa siku kadhaa. Ukiona ungaunga umefika hadi kitovuni, limeshazeeka hata kama ndimi zake bado ni nzuri. Tangu hapo nikinunua miche iliyochanua naangalia katikati ya ua, na nikiwa kwenye bustani ya mteja najua lipi la kukatwa leo na lipi la kuachwa.

Sasa yuriopsi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Anazo za aina mbili. Moja ina majani ya kijani yanayong'aa, na nyingine ina majani ya kijivu yaliyochanika vizuri na kufunikwa na vinyweleo laini ukiyapapasa. Hiyo ya kijivu ndiyo Euryops pectinatus, mmea wa Afrika Kusini upande wa Rasi ya Magharibi. Vile vinyweleo vinaupunguzia mmea kupoteza maji, ndiyo sababu mimi huchagua ya kijivu kwa mahali penye jua kali na upepo, mfano zile nyumba za Ngata zisizo na mti hata mmoja. Ya kijani naipenda karibu na veranda. Zote mbili zinataka jua la kutwa. Ukizipanda nyuma ya nyumba au chini ya mti zitarefuka kutafuta mwanga, zitapata miguu mirefu isiyo na majani, na maua yatakuwa ya kuhesabika.

Mama anakata vipandikizi asubuhi mapema, kabla jua halijanyonya maji kwenye majani. Hutafuta tawi ambalo halina ua wala kitumba, kwa sababu tawi lenye ua linamaliza nguvu zake kwenye ua na haliwezi kushughulikia mizizi. Akilipata analipinda kwa vidole viwili. Likikunjika tu bila kuvunjika, ni changa mno na litaoza. Likikatika kavu, limekomaa kupita kiasi. Analolitaka ni lile linalovunjika lakini likabaki limeshikwa na ganda upande mmoja. Hukata urefu wa sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya mahali jani linapotokea, akapukusa majani ya nusu ya chini, akabana ncha ya juu kwa kucha. Halafu hachomeki kipandikizi moja kwa moja mchangani. Anatoboa shimo kwa kijiti kwanza, ili ngozi ya chini isichubuke. Nimeona watu waliosomea kilimo wakiruka hatua hiyo.

Udongo wa kuotesha ni mchanga wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu na pumisi, lile jiwe jepesi la volkano ambalo huku Bonde la Ufa halina taabu kupatikana na ambalo mashamba ya maua ya Naivasha huoteshea. Mbolea haitiwi hapo hata chembe. Kipandikizi hakina mizizi ya kula, kwa hiyo mbolea inalisha ukungu tu. Anavilowesha, anaviweka chini ya neti, na baada ya hapo ni kunyunyiza umande, si kumwaga. Miezi ya joto mizizi huonekana baada ya wiki tatu au nne. Juni na Julai, baridi ya Nakuru ikishika, hukawia. Namna yake ya kujua ni kukivuta kidogo sana: kikikataa kuja, kimeshika.

Kutoka hapo kinahamia kwenye karatasi nyeusi ya miche, ule mfuko wa nailoni, udongo wa msitu sehemu mbili, mchanga moja, samadi iliyooza kabisa moja. Kikifika urefu wa shibiri anakikata ncha ili kitoe matawi ya chini. Mwishoni kinatolewa kwenye neti na kukaa juani wiki mbili kabla ya kuuzwa. Hizo wiki mbili ndizo zinazokosekana kwingine. Mche ukitoka kivulini moja kwa moja hadi kwenye geti la mtu saa saba mchana, unababuka majani na mwenye nyumba anampigia fundi simu.

Halafu kuna jambo la karatasi kuhamishwa, na hapa ningeomba msomaji atulie nami kidogo. Karatasi ya miche ikikaa chini mahali pamoja kwa miezi, mizizi hupenya matundu ya chini na kuingia ardhini. Mche unanawiri ajabu, majani yanang'aa, maua tele, kwa sababu unakula shamba zima. Siku unapouinua kuununua, ile mizizi iliyoulisha inakatika yote, na unabeba nyumbani mche uliopoteza mdomo. Kijana anayemsaidia mama ana kazi ya kuinua kila karatasi na kuisogeza, safu baada ya safu, wiki kwa wiki, ili kila mzizi unaochungulia ukatike ukiwa mdogo na mingine iote ndani. Sijaona kitalu kingine cha barabarani mjini hapa kinachofanya hivyo kwa uaminifu.

Ndiyo maana ukichagua mche pale, kabla hujalipa, mama atauchukua, ataubana pembeni, ataupindua na kuutoa kwenye karatasi wote na udongo wake akuonyeshe. Udongo unabaki umeshikamana. Mizizi ni myeupe, inaonekana pande zote, haijaanza kujizungusha chini. Akiona imejizungusha, anauweka kando na kuchukua mwingine bila wewe kusema neno. Siku moja nilikuwa nimeshika mmoja uliojaa maua na akanikatalia: "Fundi, huo acha. Huo ni wa kupigia picha. Chukua huu mfupi, baada ya mwezi utakuja kuniambia." Nilichukua mfupi. Ni ule uliopo kwenye geti la mteja wangu Naka, na sasa unafika kwenye kitasa.

Nasisitiza hili la mizizi kwa sababu ya lililompata mteja wangu mwingine, mama wa Milimani. Alipita kwenye kitalu ambacho sitakitaja, akanunua yuriopsi kadhaa zenye maua mazito, akaniita kuzipanda. Nilipochana karatasi ya kwanza udongo wote ulimwagika, kikabaki kijiti kilichokatwa mshazari, hakina mzizi hata mmoja. Ya pili hivyo hivyo. Walikuwa wamechomeka matawi yaliyochanua na kuyauza yangali na maji ya mti mama. Tawi lililokatwa linaweza kuendelea kuchanua siku kadhaa kwa akiba yake, na mnunuzi asiyejua atadhani ni uhai. Nilisikitika mno kumtazama yule mama, maana alikuwa amezitayarishia hata mashimo yeye mwenyewe na samadi ndani.

Gazania za kitalu hiki ni nzuri pia, na anazigawa kwa mkono ule wa pareto: anang'oa shina zima, anatenganisha vichwa, kila kichwa na mizizi yake, anapunguza majani nusu na kukipanda siku hiyo hiyo. Maua yake ni ya manjano yenye doa jeusi kila ulimi unapoanzia, na chini ya jani kuna weupe unaoonekana upepo ukivuma. Nayo asili yake ni Afrika Kusini. Hukaa chini, hufunika udongo, na ukiipanda juu ya mteremko wa mawe inafurahi. Lakini kabla hujaijaza bustani nzima, fikiria saa zako. Gazania hufunga maua jioni na hufunga siku ya mawingu. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia hatayaona yamefunguka ila wikendi, na Julai huku kwetu hata wikendi si hakika. Wateja wa namna hiyo nawapandia yuriopsi, na gazania nawapandia wazee waliostaafu wanaokaa verandani mchana.

Marigoldi anaziotesha kwa mbegu. Hapo hakuna siri kubwa: zinaota ndani ya wiki moja, na baada ya miezi miwili hivi zinachanua. Asili yake ni Meksiko. Sifa ninayompa mama ni kwamba anawaeleza watu ukweli kuhusu mbegu wanazovuna wenyewe. Zile marigoldi kubwa za manjano zilizojaa, ukikausha kichwa chake na kupanda mbegu zake, hutapata zinazofanana na mama yao kama zilitokana na mbegu chotara. Za kawaida fupi zinarithiana vizuri. Na wakulima wa nyanya wakimwuliza kama marigoldi inaua wale minyoo wadogo wanaovimbisha mizizi, anawaambia kwamba ndiyo, mizizi yake ina kemikali inayowadhuru, lakini mistari miwili ya mapambo ukingoni mwa shamba haitoshi. Inatakiwa ipandwe kwa wingi msimu mzima mahali penyewe, ndipo nyanya zifuate. Angeweza kuuza trei nyingi kwa kunyamaza.

Nisiloafikiana naye ni wedelia. Anaiuza, ile ya kutambaa yenye majani mazito ya kijani na maua madogo ya manjano, na watu wanaipenda kwa sababu inafunika ardhi haraka na haitaki kazi. Mmea huu wa Amerika ya kitropiki unatoa mizizi kila kifundo kinapogusa udongo. Ukiukata vipande na kuvitupa, kila kipande ni mche. Shirika la uhifadhi la IUCN limeuweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mama huwaonya wanunuzi waupande ndani ya kingo za saruji na wasitupe masalio mtoni, na nampongeza kwa hilo, lakini ninaona afadhali auache kabisa. Nimeng'oa wedelia kwenye viwanja vya watu na najua jinsi inavyorudi. Kama shida yako ni kufunika ardhi, chukua gazania.

Jabera pia nisingenunua pale. Hizo hazioteshi yeye. Zinaletwa, zimekuzwa ndani ya nyumba za plastiki, na nyingine zimepandwa chini mno. Jabera lazima moyo wake, pale majani yanapochipukia, ubaki juu ya udongo. Ukifunikwa unashika maji na kuoza, na mmea unaanguka ukiwa bado na ua. Kama umeipenda rangi yake ukashindwa kuiacha, ukifika nyumbani ipandishe siku hiyo hiyo, na uimwagilie pembeni, si katikati.

Kwenye pembe ya nyuma kuna pipa lililofunikwa kwa gunia ambalo usilifunue kama umetoka kula. Humo mna mbolea ya maji anayoitengeneza kwa tithonia. Watu wa magharibi wanaijua: ndiyo ile alizeti ya mwitu iliyokuwa uzio wa mashamba kandokando ya barabara za Maseno na Vihiga, Wajaluo wakiiita maua makech. Nayo ni ya familia hii hii, na ni ya manjano kuliko zote. Ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati ikapandwa kama ua la mapambo, ikajizalia yenyewe. Utafiti uliofanyiwa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba majani yake yakikaushwa yana takribani asilimia 3.5 ya nitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, ndiyo sababu wakulima wa huko huyakata na kuyafukia shambani kabla ya kupanda mahindi. Mama anakatakata majani mabichi na vikonyo laini, anayaloweka kwenye pipa wiki mbili akikoroga kila siku, anachuja, anazimua kwa maji mpaka ifanane na chai ya strungi, na anamwagia miche iliyokwisha kushika. Ile iliyo mchangani haigusi. Ukimwomba anakujazia chupa bure, mradi uje na chupa yako.

Bei nilizolipa msimu huu wa mvua: yuriopsi ndogo shilingi 100, iliyokwisha kutanuka 250, gazania 50, marigoldi 30, na ukichukua trei nzima anapunguza. Si rahisi kuliko wote. Kuna wanaouza yuriopsi kwa 60. Bei yake haipandi ukija na gari, na hilo si dogo hapa mjini. Malipo ni kwa M-Pesa au pesa taslimu. Mifuko ya plastiki ya kubebea haiko tangu ilipopigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo njoo na katoni au kreti. Akiwa na katoni za duka atakupa, lakini usitegemee. Boda boda wa pale wamezoea kubeba miche na wanajua kuifunga bila kuvunja matawi. Mwambie tu asikimbie, upepo wa njiani unakausha majani kuliko jua.

Kasoro ni hizi. Hakuna vibandiko vya majina, na siku mama hayupo yule kijana anaweza kukupa yuriopsi ya kijani na ya kijivu kwenye kreti moja. Zikiwa changa tofauti haionekani sana kwa asiyejua, basi papasa jani: la kijivu lina vinyweleo, la kijani ni telezi. Mvua ikinyesha njia ya kati inakuwa matope matupu, vaa gamubuti. Jumamosi pamefungwa kwa sababu mama husali. Na ikifika katikati ya Mei miche mizuri imekwisha, kwa kuwa watu wote wanangoja mvua ya masika ishike ndipo wakumbuke bustani.

Wasomaji wa Kisumu, hili ni lenu. Dada yangu anaishi Mamboleo na alitaka yuriopsi zile zile alizoziona kwangu. Nilimweleza mama zinakwenda wapi, akakataa kuniuzia. "Kisumu? Hapana, fundi. Usiku wa kule haupoi, na kama udongo ni mweusi zitakaa majini zife." Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni 1,130 hivi, na mmea huu unapenda usiku wenye ubaridi na udongo usiotuamisha maji. Alinipa gazania na marigoldi, akaniagiza gazania zipandwe juu ya tuta lililoinuliwa lenye changarawe chini. Dada alifanya hivyo, na marigoldi za Mamboleo zimenenepa kuliko zangu za hapa. Mfanyabiashara aliyeacha mauzo yakampita kwa sababu anajua mmea utakufa mahali fulani, huyo namwamini na mengine.

Ukishanunua, panda jioni. Shimo liwe pana kuliko refu, udongo wa juu ubaki usawa ule ule uliokuwa kwenye karatasi. Maji kila baada ya siku moja kwa wiki mbili za kwanza, kisha punguza hadi mara moja kwa wiki, na mvua ikinyesha acha kabisa. Yuriopsi ikimaliza wimbi la maua, punguza theluthi ya matawi, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, maana hapo haichipui vizuri. Baada ya miaka minne au mitano inakuwa ngumu na wazi katikati. Usihangaike kuifufua, kata vipandikizi vyako mapema uwe na mbadala tayari. Mama mwenyewe atakufundisha kukata ukimwuliza, ingawa anajua maana yake ni kwamba hutarudi kununua.

Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla ya saa nne, ndipo mama anapokuwa kwenye mashina na unaweza kumwona akikata. Ukikuta za kijivu bado ziko chini ya neti, usizichukue hata akikubali kukuuzia. Mwachie namba yako ya simu na malipo ya nusu, naye atakupigia zikishamaliza siku zake juani.